Siku Moja katika Bustani ya Entebbe

Habari za Namugongo mmekwisha kuzisoma mara nyingi, na wengine wenu mmefika huko kwa miguu yenu wenyewe. Kwa hiyo leo hatutasimulia sikukuu ya Mashahidi ya tarehe 3 Juni, wala umati wa watu, wala mvua iliyotukuta usiku tumelala watu kumi na tisa chini ya turubai moja. Twapenda kuwasimulia siku iliyofuata. Siku hiyo haikuwamo katika mpango wetu. Lakini hata sasa, tukikutana uwanjani baada ya Misa ya Dominika, ndiyo tunayoizungumza.

Tulitoka parokia za Butembo na za Beni: walimu watatu, masista wawili, mama wa sokoni, vijana wa kwaya, katekista mzee mwenye fimbo yake, na mjane mmoja wa upande wa Beni. Huyo tutamwita Mama tu, maana hapendi jina lake lipigwe chapa. Kutoka Butembo mpaka Beni tuliimba. Kutoka Beni mpaka Kasindi hakuna aliyeimba. Kila mtu alishika rozari yake, na dereva hakugeuza kichwa kulia wala kushoto. Anayeijua njia ile hahitaji kuelezwa. Hata tulipokwisha kuvuka mpaka, Mpondwe, tukapita karibu na shule ya sekondari ya Lhubiriha, ambako wanafunzi wengi waliuawa usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wengine kwa moto. Katekista akavua kofia. Tulikuwa tunakwenda kuwaheshimu vijana waliochomwa moto mwaka 1886, na hawa wa juzi walikuwa pale kando ya njia yetu.

Basi, sikukuu ikaisha. Kesho yake dereva akasema gari lina shida kidogo, fundi atalitengeneza mpaka jioni. Sista mmoja akasema, "Afadhali tusikae bure. Twende Entebbe." Tukapanda gari la kukodi.

Kwanza tulifika Kigungu, kwenye ncha ya rasi, mahali Padri Lourdel na Bruda Amans walipotua kwa mtumbwi tarehe 17 Februari 1879. Waganda walimwita Padri Lourdel "Mapeera", wakigeuza neno la Kifaransa la kumwita padre. Na kwa Kiganda mapeera ni tunda lile lile tunaloliita pera. Vijana wa kwaya walipoelezwa hayo walicheka sana, mpaka Sista akawakazia macho. Tukasali, tukanawa nyuso kwa maji ya ziwa, tukageuka kurudi mjini. Ndipo tukaona, kati ya mji na maji, miti mirefu sana imesimama pamoja kama msitu, lakini chini yake majani yamekatwa vizuri kama ya uwanja wa mpira. Tukauliza, "Pale ni kwa nani?" Dereva akajibu, "Ni bustani. Kila mtu huingia." Tukalipa kiingilio, tukaingia.

Kijana aliyepewa kazi ya kutuongoza alikuwa Mkonzo wa Kasese. Aliposikia masista wakisemezana Kinande, uso wake ukang'aa, akatujibu kwa Kikonzo, nacho ni ndugu pacha wa Kinande chetu. Tangu hapo hatukuwa tena wageni. Akamwita katekista baba, akamshika mkono penye mteremko.

Bustani hii ina hekta 40 hivi, nayo yashuka polepole mpaka kwenye mawe ya ziwa. Tuliona miti ambayo watu wanne wakishikana mikono hawawezi kuizunguka. Juu yake mbega weusi wenye mabega meupe walikuwa wakiruka, na hondohondo walipiga kelele kama wazee wanaogombana barazani. Chini yake palikuwa na maharusi wanapigwa picha, watoto wanajibingirisha kwenye majani, wanafunzi wanasoma vitabu, na mzee mmoja amelala chali, kofia usoni, hana habari na mtu. Huyo mzee ndiye aliyetushangaza kuliko mbega. Butembo ukilala hivyo hadharani, watu watadhani u mgonjwa, au umelewa.

Lakini zamani haikuwa hivyo. Bustani ilianzishwa mwaka 1898, wakati Waingereza walipokuwa wakiutawala Uganda, na Entebbe ndiyo makao ya serikali yao. Ikakaa hivyo mpaka uhuru, mwaka 1962. Mtunzaji wa kwanza, Alexander Whyte, alitoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Nayo haikuwa mahali pa kutembelea. Ilikuwa shamba la kujaribia mimea. Dola ya Waingereza ilikuwa na bustani za namna hii katika nchi nyingi, na mama yao wote ilikuwa Kew, karibu na London. Kew yenyewe ilikuwa mali ya jamaa ya wafalme hata mwaka 1840, ikapewa taifa. Kutoka huko mbegu na miche zilipelekwa katika masanduku ya vioo juu ya meli, ili waone ni mmea gani utaota wapi na utaleta fedha ngapi. Yule kijana alisema kakao ilifika Entebbe mwaka 1901. Mpira nao ulikuja. Na kwa kuwa reli ya Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901 tu, mizigo mingi iliyotangulia ilikuja vichwani mwa wapagazi. Majina yao hayakuandikwa kwenye vibao vya miti. Tulitazama.

Tukafika penye mti wa mpira. Una makovu kwenye gome, na kijana akatuonyesha utomvu wake mweupe. Mwalimu mmoja wetu, anayefundisha historia, akasimama pale kama yuko darasani. Akatukumbusha kwamba mbegu za mti huu zilichukuliwa Brazil mwaka 1876 na Mwingereza Henry Wickham, zipatazo 70,000, zikapelekwa Kew, na kutoka huko zikaenda Asia. Wakati huo huo Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold, tangu 1885 hata 1908, na watu wa upande wa Ikweta na Kasai walilazimishwa kukamua mpira wa kamba za porini, wakapigwa, wakakatwa mikono. Mwalimu akasema kwa hasira, "Hii si bustani. Ni ghala ya mwizi. Nasi tumelipa kiingilio kuja kuistaajabia."

Hatukuwa na jibu mara moja. Alisema kweli, na sisi Wakristu hatuna haki ya kuipaka kweli rangi. Tena, tukisema wazi, hata bustani za misioni zetu zamani zilikuwa na ua, na mtoto aliyeruka kuchuma chungwa alijua viboko vitamfuata. Lakini katekista akaegemea fimbo yake, akasema, "Mwalimu, mti huu nao haukuja kwa hiari yake." Watu wakacheka, na mwalimu mwenyewe akacheka, tukaendelea. Hatusemi kwamba neno hilo lilimaliza shauri. Njia nzima ya kurudi walikuwa wangali wanabishana.

Hapa tuweke kando habari moja inayotuhusu sana sisi watu wa Beni, ingawa si ya miti. Mkuu wa serikali ya Waingereza aliyekaa Entebbe tangu 1899 hata 1901 aliitwa Harry Johnston. Mzungu mmoja, Mdachi, alikuwa amewateka Wambuti wa msitu wetu ili awaonyeshe kwa fedha katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Johnston akawanyang'anya mikononi mwake, akawarudisha mwenyewe mpaka kwao. Ndipo akafika Fort Mbeni, yaani Beni ya kale, karibu na Semliki. Wambuti walikuwa wamemweleza habari za mnyama wa msituni, na maofisa wa ngome wakamwambia kwamba ni kweli yupo. Akapata vipande vya ngozi yake, ambavyo askari walivishona mikanda. Baadaye ofisa mmoja wa ngome ile, Karl Eriksson, akampelekea ngozi nzima na mafuvu mawili. Mnyama huyo ndiye okapi, na mwaka 1901 wataalamu wa Ulaya wakampa jina la Johnston, ingawa Johnston hakupata kumwona mzima. Wambuti walimjua toka zamani za kale. Kijana wetu wa Kasese hakuwa amesikia habari hiyo. Akaiandika kwenye daftari yake, apate kuwasimulia wageni wengine. Ikiwa mtaisikia huko, jueni ilitoka kwetu.

Tukashuka mpaka ufukoni, tukakaa juu ya mawe. Upepo ulikuwa mzuri. Kijana akatuambia kwamba kando ya ziwa hili, tangu mwaka 1900 na kuendelea, ugonjwa wa malale uliua watu wa Buganda na Busoga zaidi ya 200,000. Hesketh Bell, aliyetawala Uganda tangu 1906, akaamuru watu waliosalia wahamishwe mbali na ufuko, kwa sababu ya mbung'o. Vijiji vikaachwa, mitumbwi ikaachwa, migomba ikamezwa na pori. Masista wakatazamana. Kwetu nako, tangu 2018 hata 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, walio wengi wa Beni, Butembo, Mabalako na Katwa. Nasi twajua jinsi ilivyo kuogopa mkono wa ndugu yako. Na habari ya kuacha kijiji hatukuhitaji kuisoma katika historia. Mama alikuwa amekaa kimya muda wote. Sasa akauliza swali moja tu, "Walirudi?" Kijana akasema, "Ndiyo, watu walirudi. Lakini ilichukua miaka mingi." Mama akatikisa kichwa, akatazama maji.

Tulipokuwa twapanda tena, tukapita penye kivuli, na Mama akasimama ghafula. Mbele yake ulikuwa mti wa kakao. Haukuwa mkubwa wala mzuri kama mingine, lakini matunda yake ya manjano yalikuwa yamejishika kwenye shina, kama desturi ya mti huo. Wengine tungelipita tu.

Ni lazima tuwaeleze wasomaji wa mbali. Zamani watu wa bonde la Beni walilima kahawa ya robusta. Kahawa hiyo asili yake ni misitu ya Afrika, na ya Kongo ndiyo iliyouzwa Brussels tangu 1900 na kupelekwa mpaka Java. Kisha ukaja ugonjwa wa kunyauka: majani hugeuka manjano, matawi hukauka, na mti wote hufa, hakuna dawa ila kuung'oa na kuuchoma. Ugonjwa huo ulivuka mpaka, ukaonekana Uganda mwaka 1993, upande wa Bundibugyo, ng'ambo ya Semliki. Watu wetu wakang'oa kahawa, wakapanda kakao. Ikastawi. Watoto wakasoma kwa kakao, nyumba zikaezekwa mabati kwa kakao. Kisha, tangu Oktoba 2014, mauaji yakaanza katika nchi ya Beni, na mpaka sasa hayajaisha. Na msimu wa kuvuna ndio wa hatari kuliko yote, maana ndipo watu huingia mashambani. Wengine huuawa chini ya miti yao, na mavuno huchukuliwa na wengine.

Mama ana shamba la kakao. Mumewe alilipanda, akafia humo. Yeye hajaingia shambani tangu siku ile; hukaa mjini, katika chumba cha kupanga, pamoja na wajukuu wanne, auza mafuta ya mawese kwa vikombe.

Akaligusa tunda kwa kidole, akalizungusha kidogo, kama mtu anavyompima mtoto homa. Akasema, "Limekwisha kuiva. Siku tano zimepita. Nani anavuna?"

Kijana akasema, "Hakuna, Mama. Si ya kuuza. Ni ya kuonyesha wageni. Tumbili huyala."

"Tumbili?"

"Ndiyo, Mama. Hula wanavyotaka."

Mama akaangua kicheko. Tulicheka pamoja naye kidogo, kisha tukanyamaza, maana kicheko chake kilikuwa kimegeuka. Akasema, "Basi hapa tumbili wanakula kakao kwa amani." Hakusema zaidi. Sista akamshika bega. Kijana mmoja wa kwaya, kwa moyo mwema, akaokota tunda lililoanguka, akaficha chini ya koti apate kumpa baadaye. Mama akamwona. Akamwambia, "Mwanangu, rudisha. Si letu." Tena akaongeza, kama mkulima, "Na hujui lina ugonjwa gani. Utauvusha mpaka." Kijana akalirudisha pale pale lilipokuwa.

Wakati tukipumzika, mazungumzo yalikuja yenyewe juu ya miji yetu. Wapi Butembo mtu aweza kukaa chini ya mti bila kununua kitu, bila kuulizwa anataka nini? Tulihesabu: uwanja wa kanisa kuu, makaburi, na nyua za shule siku za likizo. Basi. Milima imejaa nyumba, na mikalatusi iliyosalia imekwisha kupimwa kwa macho ya muuza makaa. Tunajua kujenga, sifa hiyo hatunyimwi na mtu. Butembo umejengwa kwa fedha za wafanya biashara wake wenyewe, karibu bila msaada wa serikali. Lakini katika viwanja vyote tulivyogawana, hakuna aliyebakiza kimoja kwa ajili ya asiye na kiwanja. Mfanya biashara mmoja kati yetu, mama wa vitenge, akasema, "Kiwanja kama hiki Butembo kingeuzwa mara tatu kabla ya saa sita." Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyekataa.

Mwalimu wa historia, ambaye sasa hasira ilikuwa imempungua, alisema mambo ya namna hii yametokea kwingine. Peking, bustani ya Beihai ilikuwa ya makaisari peke yao, ikafunguliwa kwa watu mwaka 1925. Tokyo, bustani ya Shinjuku ya jamaa ya mfalme ilifunguliwa mwaka 1949. Na Addis Ababa, sehemu ya viwanja vya ikulu ya Menelik ikafunguliwa mwaka 2019. Katekista akauliza, "Na wale waliofunguliwa, waliuona mlango kuwa mzito?" Hatukujua anamaanisha nini, naye hakueleza. Hapa Entebbe, bustani sasa imo mikononi mwa shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na humo wanahifadhi mbegu za mimea ya Uganda, za chakula na za dawa, zisipotee. Yaani ghala ipo hata leo. Ila wenye nchi ndio wenye ufunguo.

Saa kumi ilifika. Dereva wa gari la kukodi akaanza kupiga honi getini. Tukajihesabu: kumi na wanane. Tukahesabu tena. Mama hakuwapo.

Tukamkuta chini ya mti mmoja mkubwa, si mbali na ule wa kakao. Alikuwa amevua viatu, ameviweka sawasawa kando, ametandika kitenge chake, akalala ubavu, mkono chini ya shavu. Sista alijaribu kumwita, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, nasi tulijua hakutaka aamke. Njiani, siku ya kwanza, Mama alikuwa ametuambia kwamba tangu afiwe hulala ameketi, mgongo ukutani, viatu miguuni.

Honi ikalia tena. Katekista akasema, "Kaeni naye." Akachukua fimbo yake, akaanza kupanda polepole kuelekea getini kumwambia dereva angoje.